Visanduku Vilivyoachwa Wazi

Alhamisi, 13 Machi

Matokeo ya vipimo 1,318 vya maabara yalipotea juzi, Jumanne tarehe 11 Machi, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Siyo mimi niliyeyafuta. Naanza na hayo mawili kwa sababu la kwanza linajulikana hospitali nzima, na la pili halijulikani na mtu hata mmoja isipokuwa mimi.

Kitu kingine kilichopotea ni barua yangu ya kuachiliwa kazi. Ilikuwa imeshachapwa, inasubiri sahihi ya Mkuu wa Kitengo chetu cha kompyuta. Jana asubuhi niliiona mezani kwake kwa macho yangu mawili. Jana mchana haikuwepo.

"Mama, uchunguzi kwanza," akaniambia. "Ukiondoka sasa watu watasema nimekufukuza. Au nimekutorosha."

"Na mimi nitasema nini?"

"Wewe hutasema kitu. Utasubiri."

Nimepewa masharti. Nisiguse kibodi yoyote. Nisichukue likizo. Nisiache kazi, maana anayeacha kazi katikati ya uchunguzi anahesabiwa amekiri. Niripoti saa mbili asubuhi, nitoke saa kumi jioni. Nimepewa na chumba: stoo iliyogusana ukuta na chumba cha seva. Kiti kimoja, meza yenye mguu mmoja mfupi, masanduku 22 ya printa mbovu, dirisha la nondo. Upande wa pili wa ukuta nasikia seva zangu zikivuma. Miaka 14 iliyopita nilikuwa nafagia stoo hii hii, na kompyuta nilijifunza kwa vitabu walivyokuwa wanavitupa humu. Leo nimerudishwa nilikoanzia, ila safari hii hata ufagio sijapewa.

Ijumaa, 14 Machi

Vigae vya dari ni 96. Vilivyopasuka, 11.

Jumatatu, 17 Machi

Mume wangu na binti yetu walitangulia mji mwingine, tunakohamia, tangu Februari. Yeye ameshaanza kazi kule, mtoto ameshaanza shule, chumba kimeshapakwa rangi. Mimi nilibaki nimalizie kazi na kungoja barua, nikahamia kwa mama mkwe na mabegi yaliyofungwa. Ofisi mpya inanitaka ifikapo tarehe 30 Aprili, na haipokei mtu asiye na barua ya kuachiliwa. Zimebaki siku 44.

Mama mkwe ananipenda, lakini kazi yangu hajawahi kuielewa. Leo wakati wa kula akaniuliza:

"Hivi mwanangu, hizo mashine zako ni ngapi?"

"Sitini na nne, mama."

"Zimekaa wapi?"

"Ndani ya kompyuta nne."

Akaweka kijiko chini. "Sitini na nne ndani ya nne?"

"Ni mashine pepe, mama. Kila moja inajiona kompyuta kamili, ina jina lake na kazi yake, lakini haina chuma chake. Zinaishi ndani ya zile kubwa."

"Kama wapangaji."

"Kama wapangaji."

"Basi wewe ndiye mwenye nyumba."

"Nilikuwa."

"Na mwenye nyumba gani huyo anayefungiwa stoo na wapangaji wake?" Akacheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, kidogo, kwa heshima.

Jumatano, 19 Machi

Mkaguzi kutoka makao makuu anakuja wiki ijayo. Acha niandike mambo yalivyo kabla sijaambiwa yalivyo.

Mashine pepe hatuijengi upya kila mara. Nilitengeneza moja, nikaiita SHINA, nikaiwekea mfumo endeshi na kila kinachohitajika, kisha nikaizima. Wodi ikitaka mashine mpya, tunanakili Shina. Lakini nakala mbili zenye jina moja na anwani moja zitagombana mtandaoni, kwa hiyo kabla nakala haijawaka mara ya kwanza inakuja fomu kwenye skrini, visanduku tisa. Jina la mashine. Anwani yake mtandaoni. Ukanda wa saa. Msimamizi wake ni nani na nywila yake ni ipi. Na kadhalika. Ukivijaza, nakala inaamka ikiwa kiumbe kingine. Fomu hiyo niliiunda mimi. Kabla yake tulikuwa tunarekebisha kila nakala kwa mkono, dakika 50. Kwa fomu, dakika 6.

Ninayefanya naye kazi tunamwita Chiriku kwa sababu maneno hayamwishi. Ni mama wa watoto wawili, yuko kwenye mkataba wa majaribio. Mimi ndiye niliyemfundisha kila anachokijua kwenye seva, hata namna ya kukaa ili mgongo usiume. Leo aliniletea chai stoo.

"Dada, watakuachia tu."

"Lini?"

"Watakuachia."

Chiriku kusema maneno mawili akanyamaza. Niliona ni huruma. Nikamshukuru kwa chai.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua zimeanza. Paa la stoo linavuja sehemu mbili. Ndoo niliyopewa ni moja.

Jumatatu, 24 Machi

Leo wagonjwa wameanza kuitwa wapimwe upya. Foleni ilitoka mlango wa maabara, ikapita kwenye korido, ikazunguka mpaka nje ya dirisha langu, na mvua inawanyeshea. Nakala ya mwisho ya matokeo ni ya tarehe 20 Februari, ndiyo maana kilichopotea ni siku 19 kamili: vipimo 69 kwa siku, na vichache juu. Diski mpya ya kuhifadhia nakala niliiomba Januari, kwa maandishi. Barua ya kuiomba iko kwenye trei ya Mkuu hadi leo.

Mzee mmoja alisimama karibu kabisa na nondo zangu, mkono wa shati umeshakunjwa.

"Damu yangu ya kwanza mmeifanya nini?" alimuuliza muuguzi. "Mmeinywa?"

"Babu, matokeo yamepotea tu."

"Yamepotea! Damu nimetoa mimi, kupoteza mpoteze ninyi, kuchomwa nichomwe mimi tena."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja nyuma yake hakucheka. Alikuwa amembeba mtoto wa kama miaka miwili aliyekuwa ameshaona sindano mara moja na anaijua. Alilia tangu kona ya korido hadi mlangoni. Dakika 35. Nilijua muuguzi akiulizwa nani kafuta, ataonyesha dirisha langu kwa kidevu. Nikahamisha kiti nyuma ya masanduku ya printa.

Ijumaa, 28 Machi

Mkaguzi amefika. Mwembamba, miwani, kalamu mbili mfukoni, haketi mpaka afute kiti. Ananichukia bila sababu, au ndivyo uso wake ulivyo. Alinisomea kumbukumbu ya mashine, ile orodha ambayo kila mashine inajiandikia yenyewe: jina la mashine, SHINA. Aliyeingia, akaunti yangu mimi, jina langu kamili. Muda, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Kilichofanyika: futa vyote.

"Nani huwa anaiwasha Shina?"

"Mimi peke yangu."

"Saa nne na robo ulikuwa wapi?"

"Chumba cha seva."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nabadilisha feni."

"Kuna aliyekuona?"

"Feni."

Hakucheka. Akaandika. Nafikiri aliandika neno lenyewe, feni.

"Basi," akasema.

"Basi nini, bwana mkaguzi?"

"Sijasema kitu, mama. Naandika tu."

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Ndoo imejaa mara tatu. Siku 29.

Alhamisi, 3 Aprili

Mkuu aliniita. Amenipa kiti, amenipa maji, hapo nikajua kuna jambo. Ni mtu mwenye sauti ya upole sana, anaongea kama anayebembeleza mtoto anywe dawa.

"Mama, tumetoka mbali mimi na wewe. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye ufagio."

Hilo analisema kila mwaka. Kwenye ufagio nilijitoa mwenyewe. Yeye alisaini tu, miezi tisa baada ya mimi kufaulu mtihani.

"Andika kwamba ulikosea," akaendelea. "Uzembe wa kawaida, nani hakosei? Faili linafungwa, barua yako nasaini siku hiyo hiyo. Safi, haina doa. Hayo mengine yanabaki humu ndani."

"Sikufuta, bosi."

"Jina lako lipo."

"Nimeliona."

"Sasa lilijiandika lenyewe?"

Nilirudi stoo nikiwa na hasira ya mtu anayejua hesabu haijakaa sawa lakini hajaona ni mstari gani.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeongea na binti yangu kwenye simu. "Mama, bibi kasema wamekufungia. Ulifanya nini?" Miaka saba. Nikamwambia nafanya kazi chumba kingine. Akauliza kama chumba hicho kinafunguka kwa ndani.

Jumatano, 9 Aprili

Barabara ya sokoni imejaa maji. Nimefika saa mbili na dakika saba. Dakika hizo saba zimeandikwa kwenye faili langu.

Jumanne, 15 Aprili

Mkaguzi alikuja stoo mwenyewe. Alifuta sanduku la printa, akaketi juu yake, akaweka mezani kurasa 41 za kumbukumbu ya ile mashine, zote za tarehe 11.

"Mimi si mtu wa kompyuta," akasema. "Nilisomea uhasibu. Lakini nimekagua watu kwa miaka 20, na aliyefanya kosa huwa na maelezo marefu. Wewe huna maelezo kabisa. Hilo linanisumbua. Soma."

"Nimeambiwa nisiguse kitu."

"Umeambiwa usiguse kibodi. Hii ni karatasi."

Nikasoma. Yeye akatoa gazeti. Mvua ilikuwa inapiga juu ya paa, tunasikia matone ya ndoo. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama nilivyosoma vile vitabu vya kutupwa. Ukurasa wa 33 nikakuta mstari huu: umeme umekatika, natumia betri. Saa tano na dakika arobaini asubuhi.

Nikausoma tena. Kisha nikauliza, "Bwana mkaguzi, umeshasikia habari ya lifti?"

"Lifti gani?"

Tarehe 11 tulikuwa na wageni, wakubwa watano kutoka makao makuu, waliokuja kutazama mitambo. Wakati wanashuka umeme ukakatika, wakakwama kwenye lifti pamoja na Mkuu dakika 25. Hospitali nzima inaisimulia, wapishi wanaiigiza. Fundi wa lifti aliandika kwenye daftari lake: saa nane na dakika arobaini mchana. Siku ile umeme haukukatika mara nyingine.

"Mashine inasema saa tano na dakika arobaini," nikamwambia. "Lifti inasema saa nane na dakika arobaini."

Akakunja gazeti. "Tofauti saa tatu kamili."

"Saa tatu kamili. Saa ya mashine hii iko nyuma. Kwa hiyo matokeo hayakufutwa saa nne na dakika kumi na nne. Yalifutwa saa saba na dakika kumi na nne mchana."

"Na saa saba na robo ulikuwa wapi?"

"Nimempeleka baba yangu kupimwa miwani. Kitabu cha getini kina sahihi yangu. Nimetoka saa sita na dakika thelathini na tano, nimerudi saa nane na dakika ishirini."

Halafu akauliza swali ambalo watu wote wa kompyuta katika jengo hili hawajaliuliza kwa siku 35: "Kwa nini saa ya mashine iwe nyuma?"

Nilikuwa najua jibu. Nikasema nahitaji kufikiri.

Jumatano, 16 Aprili

Mashine ile haikuwa Shina. Shina ilikuwa imelala siku ile. Ilikuwa ni nakala ya Shina iliyowashwa bila fomu kujazwa.

Kisanduku cha ukanda wa saa kiliachwa wazi, kwa hiyo ikashika saa ya kiwandani, saa tatu nyuma yetu. Kisanduku cha jina kiliachwa wazi, kwa hiyo ikajiita SHINA. Cha anwani kiliachwa wazi, kwa hiyo ikachukua anwani ya Shina, na anwani hiyo ndiyo pekee niliyoiruhusu kuingia kwenye hifadhi ya matokeo halisi, kwa sababu ndiko nilikokuwa natolea nakala. Mashine za majaribio haziingii huko. Hii iliingia kama mtu wa nyumbani.

Na kisanduku cha msimamizi kiliachwa wazi.

Jumanne, 22 Aprili

Siku sita sijaandika. Kuna jambo ambalo hata daftari hili sikuliambia.

Kiolezo, yaani mashine ya kunakiliwa kama Shina, hakitakiwi kuwa na akaunti ya mtu. Kanuni ya saba ya kitengo, na mimi ndiye niliyeipiga chapa. Lakini miaka miwili iliyopita, nilipomaliza kutengeneza Shina, niliweka akaunti yangu ndani yake na kuificha. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni kwa dharura. Uongo. Niliiweka kwa sababu nilikuwa nimechoka kuona watu wenye vyeti wakifika Jumatatu na kunipita cheo Ijumaa, na nilitaka kila mashine itakayozaliwa katika hospitali hii iwe na ufunguo wangu ndani yake, wapende wasipende. Fomu ikijazwa, akaunti ile inalala na msimamizi mpya anashika. Isipojazwa, mashine inamwingiza kila anayeketi mbele yake kwa jina langu, bila hata kuuliza nywila.

Kila kisanduku kinachoachwa wazi kinajazwa na mimi.

Kwa hiyo nina ushahidi wa kunitoa, na ushahidi huo huo unanirudisha ndani. Nikieleza jinsi jina langu lilivyofika pale, nimekiri kuvunja kanuni ya saba. Adhabu yake ni kufukuzwa. Anayefukuzwa hapewi barua ya kuachiliwa. Nimeipiga hesabu hii kwa njia nne, inatoa jibu lile lile.

Jumatano, 23 Aprili

Kunakili Shina tunajua wawili. Nikamwita Chiriku stoo, nikafunga mlango, nikamwekea kiti mimi nikabaki nimesimama.

"Tarehe 11, saa saba mchana. Nani aliwasha nakala?"

Akaanza kulia kabla sijamaliza. "Dada nisamehe."

"Sijauliza msamaha, nimeuliza nani."

"Mkuu alikuja na wageni. Wewe ulikuwa umetoka. Akasema nataka mashine sasa hivi, wageni wamesimama. Nikamwambia dakika sita, bosi, kuna fomu. Akasema fomu ya nini, wewe bonyeza endelea, endelea. Nikabonyeza endelea."

"Mara ngapi?"

"Mara tisa."

"Mimi nilikufundisha hivyo?"

Akafuta macho kwa kiganja, akaniangalia moja kwa moja. "Ndiyo, dada. Ile siku tulipoiwekea mashine wodi ya wazazi. Ulisema ukiwa na haraka acha wazi, nitakuja kurekebisha mwenyewe."

Ni kweli. Nilisema. Nilisema kwa sababu nilipenda kazi zirudi kwangu.

"Kisha?"

"Mkuu akaketi yeye. Akawaambia wageni mfumo wetu hauwezi kupoteza kitu, tazameni. Akachagua vyote, akafuta. Alidhani ni matokeo ya kubuni ya mashine za majaribio, na kwamba yatarudi yenyewe kama ulivyowahi kumwonyesha. Hayakurudi. Akazima skrini, akawaambia twendeni tukale."

"Na wewe?"

"Alirudi jioni akaniambia niifute ile nakala. Nikaifuta, ila kumbukumbu ilikuwa imeshatumwa hifadhini. Akasema, jina ni la nani pale? Nikamwambia ni lako. Kisha akasema, basi, wewe hukuwepo." Sauti yake ikawa ndogo. "Dada, mkataba wangu umebaki miezi mitatu. Nina watoto wawili. Ningefanya nini?"

Wiki tano nimekuwa nikinywa chai yake na kuiita huruma. Nilitaka kumchukia, na nilijaribu, kwa bidii. Lakini nikiwa nimesimama pale niliona kitu kimoja tu: mtu aliyefungiwa kama mimi, ila chumba chake hakina kuta. Nikamwambia arudi kazini. Nikamwambia chai ya kesho aiongeze sukari, huwa anaipunja. Alicheka huku makamasi yakimtoka.

Jumatano, 30 Aprili

Siku yenyewe. Niliipigia simu ofisi mpya nikiwa chini ya mwavuli. Mama wa utumishi kule ana sauti kavu lakini ni mtu wa haki. "Tunakupa mpaka Ijumaa tarehe 16 Mei, mwisho wa kazi. Baada ya hapo tunamchukua wa pili kwenye orodha. Usinipigie tena kuomba, nitajisikia vibaya bure." Mume wangu hakulaumu. Alisema tu kwamba mtoto amechora nyumba yenye watu wawili na nusu.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua.

Jumanne, 6 Mei

Mkuu ameleta karatasi iliyokwisha kuchapwa. "Mimi niliyetajwa hapa juu nilifuta matokeo kwa uzembe." Pembeni yake barua yangu ya kuachiliwa, safi kama alivyoahidi, imebaki sahihi tu. Mbili kwa pamoja, kama kikombe na kisosi.

"Bosi," nikamwambia, "saa saba mchana siku ile ulikuwa wapi?"

Mkono wake ulikuwa unaisogeza kalamu upande wangu. Ulisimama. Kisha ukaendelea.

"Na wageni," akasema. "Wote waliniona. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mama, wewe ni mtu wa hesabu. Piga hesabu ya uliyonayo na unayoyakosa. Nakupa wiki."

Jumatatu, 12 Mei

Sitaficha. Niliichukua karatasi mpaka nyumbani, nikaiweka juu ya begi lililofungwa, nikafungua kalamu. Niliona ni bei ninayoweza kuibeba. Uzembe ni neno tu. Kule hawatalijua. Ijumaa niko na mwanangu.

Mama mkwe alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake. "Unasaini nini?"

"Kwamba nilifanya nisichofanya."

"Halafu wanakuachia?"

"Wananiachia."

"Wewe. Na hao wapangaji sitini na nne, nao wanakuachia?"

Aliuliza kwa utani. Lakini kalamu niliiweka chini.

Mashine zote 64 zimetokana na Shina. Jina langu limelala ndani ya kila moja. Nikiondoka kimyakimya, Shina inabaki, na Chiriku atabonyeza endelea mara tisa siku nyingine yenye wageni, au atakayekuja baada yake, na mtu ataketi pale na kufuta, au kubadilisha kipimo cha mtu, au kusoma faili la jirani yake. Itaandikwa ni mimi. Nitakuwa nachemsha uji mji mwingine huku nafanya makosa hapa. Na yule mtoto wa dirishani atachomwa mara ya tatu, kwa jina langu. Kulitoa jina hakuna njia isipokuwa kusema lipo.

Kwa hiyo hesabu yangu ya tarehe 22 ilikuwa pungufu. Nilihesabu njia za kutoka nikasahau kuhesabu kinachobaki.

Jumatano, 14 Mei

Nimeandika barua. Nakala ya kwanza nimempelekea Mkuu mkononi, saa tatu asubuhi, mhudumu wa mapokezi akisaini. Ya pili nimempa Mkaguzi. Aliisoma akiwa amesimama, akafika kwenye aya ya pili, akavua miwani. "Hii aya ya pili inakuumiza, mama." Nikamwambia najua, ndiyo maana nimeiweka ya pili, isiwe ya mwisho kama mtu anayejificha. Akasema ripoti yake inafungwa Ijumaa, na hatafunga bila majibu ya barua hii ndani yake. Hakuniahidi zaidi ya hapo, na sikumwomba. Ya tatu nainakili hapa.

Kwa Mkuu wa Kitengo.

Tarehe 11 Machi matokeo 1,318 yalifutwa saa saba na dakika kumi na nne mchana, siyo saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Yalifutwa kutoka nakala ya Shina iliyowashwa bila fomu kujazwa. Wakati huo mimi nilikuwa nje ya geti, na mashine zetu haziingiliki kutoka nje. Daftari la lifti, kitabu cha getini na ukurasa wa 33 vimeambatishwa.

Jina langu lilikuwa kwenye mashine ile kwa sababu mimi mwenyewe niliweka akaunti yangu ndani ya Shina, miaka miwili iliyopita, kinyume cha kanuni ya saba. Pia niliwahi kumwelekeza mwenzangu kwamba fomu inaweza kuachwa wazi. Makosa hayo mawili ni yangu, na adhabu yake nitaipokea. Mwenzangu alifanya alivyoamriwa na alivyofundishwa. Naomba Shina izimwe leo na mashine zote 64 ziondolewe akaunti yangu. Maelekezo ni kurasa mbili, nimeyaandika, kazi ni ya siku moja na nusu.

Karatasi uliyonipa nisaini nairudisha bila sahihi.

Nina maswali mawili. La kwanza: saa saba na dakika kumi na nne mchana wa tarehe 11 Machi, ni wewe uliyeketi mbele ya mashine ile na kufuta? La pili: unasaini barua yangu ya kuachiliwa, au husaini?

Sihitaji kuitwa ofisini, sihitaji maji wala kiti. Nijibu ndiyo au hapana kwa kila swali, kwa maandishi, kabla ya saa sita kamili mchana, Ijumaa tarehe 16 Mei.